Kasuku na ndege wa tunduni: Yanayompasa mfugaji wa Kwale na Pwani Kusini

SI kaunti nyingi nchini Kenya zenye jina la ndege. Kwale ni yule ndege wa vichakani mwenye shingo nyekundu, apigaye kelele alfajiri na ambaye huona afadhali kukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Wenyeji wa Pwani wamemtega na kumla tangu zamani.

Ndege wanaowekwa nyumbani kwa mapenzi, si kwa kitoweo, ni wengine. Kuna njiwa katika vijumba vya mbao vilivyotundikwa ukutani, kuna kasuku kwenye baraza, na kuna wale ndege wadogo wa rangi rangi ambao mtoto hununuliwa jozi moja pamoja na tundu lake. Wengi wa ndege hawa hufa mapema mno, na mara nyingi wanaowaua ni watu wanaowapenda.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, akitunzwa inavyostahili, huweza kuishi miaka 40 hadi 60. Bajerigari, yule kasuku mdogo wa asili ya Australia, hufikisha miaka mitano hadi kumi. Njiwa wa nyumbani naye hupita miaka kumi bila shida. Basi mtu anayemzika kasuku wake baada ya mwaka mmoja au miwili, akasema siku zake zilikuwa zimefika, hajatenda haki katika hesabu hiyo.

Sheria kwanza, tundu baadaye

Kabla ya kuuliza bei ya kasuku, ni sharti mtu aulize asili yake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inakataza mtu yeyote kuwa na mnyama au ndege wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Haijalishi kama ndege huyo alinunuliwa, alipewa zawadi na mgeni aliyekuwa akirejea kwao, au aliokotwa chini ya mti akiwa kinda.

Kasuku wa kijivu ana ulinzi mkali zaidi. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, Afrika Kusini, aliingizwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES. Hatua hiyo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2017, ilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaonaswa porini. Anayepatikana naye nchini bila kibali anakabiliwa na faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo cha miaka mingi gerezani, na kusema kwamba hakujua sheria hakutamsaidia mahakamani.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza kipindi cha msamaha ili waliokuwa na kasuku wa kijivu bila kibali wajitokeze na kuwaandikisha pasipo kushtakiwa. Kipindi hicho kilishapita. Aliye na kasuku asiye na karatasi, hata kama alirithi kutoka kwa marehemu nyanya yake, ni bora aende mwenyewe katika ofisi ya KWS kueleza hali yake kuliko kungoja jirani amripoti.

Sababu ya ukali huu inaeleweka kwa urahisi. Tangu miaka ya 1980 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni moja walionaswa katika misitu ya Afrika wamesafirishwa nje ya bara hili, na hiyo ni idadi ya walioandikishwa tu. Wale waliokufa kwenye ulimbo, ndani ya magunia na katika masanduku ya safari hawamo. Nchini Ghana, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 walikadiria kwamba idadi ya kasuku hao ilikuwa imepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Hapa Kenya ni wachache tu waliobaki porini, nao wako katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa nchi. Kwa hivyo mtu anayekuja na kasuku wa kijivu ndani ya kikapu akidai kwamba amemtoa msitu wa Shimba Hills anasema uongo.

Kwale ina kasuku wake wa asili, ingawa wengi hawamjui. Ni ndege mdogo wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, anayepatikana kuanzia pwani ya Kenya kuelekea kusini, Tanzania, Msumbiji hadi Afrika Kusini. Hutaga katika mashimo ya miti, mibuyu ikiwemo, na hapo ndipo vijana wenye ngazi na tamaa humfikia. Kinda anayetolewa kwenye shimo kabla ya kuota manyoya huhitaji kulishwa uji wa vuguvugu kila baada ya saa chache, tena uji wenye kipimo maalumu. Asiyejua kazi hiyo humuua ndani ya siku tatu. Aidha, shimo linalochimbwa kwa panga ili kufikia makinda haliwi kiota tena msimu unaofuata, hata kwa ndege wa aina nyingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa yule ndege wa kijani mwenye kishungi na mabawa yanayowaka wekundu anaporuka, anayeonekana katika misitu ya Diani na Shimba Hills. Huyu hula matunda. Wanaomnasa na kumtia tunduni na kopo la mtama huona ajabu anapokufa njaa mbele ya chakula.

Wanaofikiri kibali ni jambo la kasuku peke yake wakumbuke sakata la kware. Mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, Wakenya wengi walikimbilia ufugaji wa ndege hao wadogo baada ya kuambiwa kwamba mayai yao yanatibu kila ugonjwa. KWS ilisisitiza kwamba kila mfugaji awe na leseni, kwa kuwa kware ni ndege wa porini kisheria. Baada ya miezi michache soko liliporomoka, mayai yakakosa mnunuzi, na waliokuwa wamekopa wakabaki na madeni. Kanga na kororo pia ni wa kundi hilo la kuombewa kibali. Ndege wasiohitaji shughuli hii ni wale waliozoea maisha ya binadamu kwa karne nyingi, yaani kuku, bata na njiwa wa nyumbani.

Tundu lililo karibu na bahari

Kipimo cha kwanza cha tundu ni rahisi: ndege aweze kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa ukuta, na awe na nafasi ya kuruka kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Kwa kasuku wa kijivu, tundu lenye upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 120 ndilo dogo kabisa linalokubalika. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita mbili, na kwa bajerigari iwe kama sentimita moja tu, la sivyo atapenyeza kichwa na kunyongwa. Yale matundu ya mviringo yanayopendeza machoni hayafai. Ndege hana kona ya kujibanza anapoogopa, naye huishia kuzunguka kama aliyerukwa na akili.

Hewa ya chumvi ya Diani na Gazi hula chuma upesi, na kwa sababu hiyo mafundi wengi hutengeneza matundu kwa waya uliopakwa zinki. Hapa pana hatari. Kasuku hutumia mdomo wake kama mkono wa tatu, hupanda kwa kuuma waya, na vipande vya zinki mpya humwingia tumboni na kumpa sumu. Dalili zake ni kukosa hamu ya chakula, kunywa maji kupita kiasi, udhaifu wa miguu na hatimaye kifafa. Waya mpya usuguliwe kwa brashi ngumu na siki, uoshwe kwa maji mengi, kisha uachwe juani siku kadhaa kabla ya ndege kuingizwa. Rangi ya zamani iliyo na risasi ni mbaya vilevile. Mwenye uwezo anunue chuma kisichoshika kutu, maana kitadumu kuliko yeye mwenyewe.

Vijiti vya kutulia visiwe vya plastiki wala vya mbao iliyorandwa laini yenye unene mmoja. Miguu ya ndege hupata vidonda inapokanyaga umbo lile lile kutwa kucha. Tawi la mpera, pamoja na magome yake, ndilo bora: lina unene tofauti, halina sumu, na kasuku hufurahi kulichuna. Matawi ya oleanda, yale maua ya waridi yanayopandwa katika bustani za hoteli, yasikaribie tundu hata kidogo. Mbono na mbono kaburi pia zina sumu.

Tundu liwekwe wapi? Barazani ni pazuri iwapo pana kivuli cha makuti na upepo usiopiga moja kwa moja. Wakati wa kaskazi, hasa kati ya Desemba na Machi, tundu lililo chini ya bati tupu hugeuka tanuri. Ndege aliyezidiwa na joto hupanua mdomo, huhema haraka na kutenga mabawa mbali na mwili. Huyo ahamishwe kivulini mara moja na anyunyiziwe maji ya kawaida, si ya barafu. Hata asiyeugua anapenda kuoga: bakuli pana la maji asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki, huondoa vumbi na kulainisha manyoya. Wakati wa masika jambo la kuogopwa ni rutuba na ukungu, na tundu lililo sakafuni ndilo linaloathirika zaidi.

Usiku una maadui wake. Siafu wakipata njia humla ndege aliyefungwa akiwa hai, na asubuhi hubaki manyoya tu. Miguu ya meza ya tundu ikalishwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Panya huja kwa ajili ya nafaka na huacha mkojo ndani ya chakula, nyoka huja kwa ajili ya panya, na paka wa jirani hahitaji sababu. Mbu nao hueneza ndui ya ndege, hivyo chandarua kikuukuu kilichozungushwa kwenye tundu kina faida kubwa.

Mchana wako kima na tumbili, ambao huko Diani wamezoea kuingia hadi mezani. Huweza kufungua komeo la kawaida kama mtu, kwa hiyo mlango wa tundu ufungwe kwa kufuli ndogo au waya wa kusokotwa. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 na kufika Mombasa miaka ya 1940, hula mayai na makinda ya ndege wengine na huwachokoza walio tunduni hadi wakang'oka manyoya kwa hofu. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hao milioni moja. Mwenye njiwa hahitaji kuelezwa sababu.

Moshi, ubani na pangaboi

Nyumba ya Mswahili ina harufu zake, na hapa mfugaji lazima achague. Mapafu ya ndege hayafanani na ya binadamu. Yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa hupita humo kwa njia moja bila kurudi nyuma, ndiyo maana ndege anaweza kuruka juu sana bila kuishiwa pumzi. Ufanisi huo ndio unaomponza: sumu iliyo hewani humfikia haraka na kwa wingi kuliko inavyomfikia mwenye nyumba. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walitumia siri hiyo kwa miongo mingi, wakishuka migodini na ndege wadogo ili kuanguka kwa ndege kuwaonye juu ya gesi yenye sumu.

Kwa msingi huo, jiko la mkaa lisiwekwe chumba kimoja na ndege. Ubani na udi vifukizwe mbali naye, madirisha yakiwa wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza ni hatari vilevile. Vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, vikipata moto kupita kiasi, hutoa mvuke ambao binadamu hausikii lakini unaweza kumwangusha kasuku ndani ya dakika chache. Amekufa kasuku sebuleni kwa sababu ya kikaango kilichosahauliwa jikoni, na mwenyewe akamlaumu mchawi.

Kasuku anayeachwa kutembea ndani ya nyumba ahadhariwe na pangaboi. Lizimwe kabla mlango wa tundu haujafunguliwa. Sufuria za mchuzi, ndoo za maji na matangi yasiyofunikwa pia yamemeza ndege wengi.

Chakula: alizeti si mlo

Kosa kubwa linaloenea ni kumpa kasuku mbegu za alizeti na njugu peke yake. Anazipenda, na huzichagua kwanza hata akiwekewa vingine, lakini zina mafuta mengi na upungufu wa vitamini A na madini ya kalisi. Baada ya mwaka mmoja wa mlo huo manyoya hupoteza mng'ao, pua huziba, ini hunenepa. Kasuku wa kijivu ndiye anayeathirika zaidi na upungufu wa kalisi: hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti na kupatwa na kifafa.

Pwani Kusini, Mungu amewarahisishia wafugaji. Papai, embe, karoti na boga lina kila kinachohitajika kwa vitamini A. Mchicha na sukuma wiki hupatikana kila soko. Mahindi mabichi, mbaazi zilizochemshwa bila chumvi, wali mtupu, viazi vitamu na pilipili zifuatie. Pilipili hazimwashi ndege hata kidogo, kwa kuwa ulimi wake hauhisi ukali ule, naye huzila kama peremende. Nusu ya mlo au zaidi iwe mboga na matunda pamoja na nafaka zilizopikwa, na mbegu kavu zibaki kuwa kiasi kidogo cha kumfurahisha. Nazi mbichi kipande kimoja kwa siku kadhaa kinatosha, maana nayo ina mafuta.

Kwa kalisi, ufuo wenyewe ni duka. Lile gamba jeupe jepesi la dome, linalotupwa mchangani na mawimbi, ndilo wanalouziwa wafugaji wa Ulaya kwa bei ya kushangaza. Liokotwe, lilowekwe katika maji baridi yanayobadilishwa kila siku kwa muda wa wiki moja ili chumvi itoke, likaushwe juani kisha lifungwe kwenye tundu. Ndege atalikwangua mwenyewe kwa kadiri anavyohitaji. Jua la asubuhi, nusu saa au zaidi, humsaidia kuitumia kalisi hiyo. Mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha hautoshi.

Njugu zinataka uangalifu wa pekee. Katika unyevu wa Pwani, njugu na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo iliua watu 125 katika wilaya za Ukambani mwaka 2004 kupitia mahindi, na ndege anahitaji kiasi kidogo mno kuliko mtu. Njugu yoyote yenye doa, iliyokunjamana au inayonuka itupwe. Zinazoachiwa ndege ziwe zile zile ambazo mama angempa mtoto wake. Desturi ya kununua makapi ya ghala kwa sababu "ni ya ndege tu" ndiyo iliyojaza makaburi.

Vipo vinavyokatazwa kabisa. Parachichi ni sumu kwa ndege, ingawa kwa mtu ni chakula bora. Chokoleti, kahawa, chai na pombe huusumbua moyo wake, na wanaomnywesha kasuku bia ili wacheke wajue kwamba wanafanya ukatili. Chumvi ya mezani, vitunguu na kokwa za tufaha visiwekwe katika kopo lake. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, kwani katika joto la Kwale kopo lenye mabaki ya papai huanza kuchacha kabla ya adhuhuri.

Njiwa ni mwepesi kwa mambo haya. Mtama, uwele, mahindi yaliyovunjwa, changarawe kidogo za kusagia chakula tumboni, maji ya kuoga, na kijumba kinachosafishwa kila wiki. Akikosa amani huhama na kwenda kwa jirani, jambo ambalo kasuku hana uwezo nalo.

Upweke

Mwaka 1977 mtafiti Mmarekani Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago na kumpa jina la Alex. Kufikia kifo chake Septemba 2007, akiwa na umri wa miaka 31, Alex alikuwa ametambulisha rangi, maumbo, aina za vitu na idadi ndogo kwa maneno. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu kina cha uelewa wake, lakini jambo moja halina ubishi: ndege huyu si pambo la baraza.

Porini huishi katika makundi, huruka mwendo mrefu kila siku na hutumia saa nyingi kutafuta chakula. Kumfungia peke yake kutwa nzima, bila sauti wala kazi, ni kifungo cha upweke. Wengi huanza kung'oa manyoya yao kifuani hadi ngozi ikabaki wazi, wengine hupiga ukelele usiokoma, na wengine huwauma watoto. Tiba yake si dawa. Ni muda wa binadamu, saa mbili au tatu kila siku, pamoja na vitu vya kumshughulisha: kifuu cha nazi chenye chakula kilichofichwa ndani, mahindi yakiwa na maganda yake, vipande vya mbao laini vya kutafuna, karatasi isiyo na wino.

Kuhusu kusema, kasuku hufundishwa na mazingira zaidi kuliko na mwalimu. Neno linalotamkwa kwa hisia, mlango unapofunguliwa au simu inapolia, ndilo analolishika. "Hodi" na "karibu" hujifunza upesi. Matusi huyashika upesi zaidi, naye atayarudia mbele ya wakwe kwa miaka 40. Asiyesema asiadhibiwe. Wapo wasiotamka neno maisha yao yote na bado ni marafiki wazuri. Imani ya kwamba kumkata ulimi humfanya aseme ni ushenzi, kwani sauti ya ndege haitoki kooni kama ya mtu, bali hutoka chini, pale koo la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni.

Usingizi wake ni wa saa 10 hadi 12 gizani. Televisheni inayowaka hadi usiku wa manane humharibu. Tundu lifunikwe kwa leso nyepesi inayopitisha hewa, na si kwa blanketi.

Anapougua

Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza. Anapoonekana amejikunyata, manyoya yamevimba, mkia unapanda na kushuka kila anapohema, au ameketi sakafuni mwa tundu, ugonjwa huwa umeshakomaa, na kungoja hadi kesho ni kumpoteza. Kinyesi kiangaliwe kila asubuhi, na gazeti kuukuu lililotandikwa chini linatosha kwa kazi hiyo. Mwenye mizani ndogo ya jikoni ampime kila wiki. Kupungua kwa sehemu ya kumi ya uzito ni dharura, hata kama anakula.

Kabla ya kumfikia daktari wa mifugo, awekwe katika katoni yenye matundu ya hewa, mahali pa joto, gizagiza na kimya. Damu inayotoka kwenye ukucha uliovunjika izuiwe kwa wanga wa mahindi uliokandamizwa kwa kidole. Asipewe vidonge vya binadamu, wala asipakwe mafuta ya nazi, kwa sababu manyoya yaliyolowa mafuta hayahifadhi joto. Ni kweli kwamba madaktari wengi wa mifugo wa Kwale wamezoea ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo wanajua kideri, na mfugaji mwenye kuku na njiwa pamoja hana budi kuwasikiliza kuhusu chanjo. Ndege mgeni, wa aina yoyote, atengwe siku 30 hadi 45 kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Upo ugonjwa mmoja unaomhusu mwenye nyumba mwenyewe. Homa ya kasuku husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya ndege, hata asiyeonyesha dalili, na humwingia mtu anapovuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Mwaka 1929 na 1930 ilizuka katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini, na watu wengi wakafa. Siku hizi hutibika kwa dawa kama doksisaiklini, mradi itambuliwe mapema.

Tatizo la Pwani ni kwamba dalili zake, yaani homa kali, kichwa kuuma, viungo kulegea na kikohozi kikavu, hufanana na malaria katika siku za mwanzo. Mgonjwa wa Msambweni hupimwa malaria, na akikosa vimelea hurudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Anayefuga kasuku au njiwa amwambie daktari jambo hilo bila kuulizwa, kwa kuwa ndilo linaloweza kumfanya afikirie ugonjwa huu. Nyumbani, kinyesi kilowanishwe maji kabla ya kufagiliwa, na mwenye pumu aachie mwingine kazi hiyo.

Asiachiliwe ovyo

Wapo wanaochoka. Mtoto amekwenda chuo, kazi imehamia Nairobi, au kelele zimezidi. Kufungua mlango wa tundu na kumwambia ndege aende zake huonekana kuwa huruma, lakini aliyezaliwa tunduni hajui chakula cha porini wala kipanga. Anayenusurika huweza kuwa tatizo kubwa zaidi. Kasuku wadogo wa asili ya Tanzania walioachiliwa au kutoroka walizaana karibu na ziwa Naivasha hadi kukawa na kundi kubwa la mchanganyiko wa aina mbili, na Mombasa nayo ina kasuku wa kijani wa asili ya Asia waliotoroka matundu. Wanagombea mashimo ya miti na ndege wenyeji, na huweza kuwaambukiza virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya. Asiyemtaka ndege wa porini tena apeleke taarifa KWS.

Anayevuka mpaka wa Lungalunga kwenda Tanga na ndege wake, hata kama ni kwa arusi ya siku tatu, anahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na kibali cha nchi anayokwenda, na kwa kasuku walio katika orodha za CITES vibali vya mkataba huo kutoka pande zote mbili. Kibali cha kukaa naye nyumbani Ukunda hakimruhusu kuvuka. Maombi yafanywe mapema kabla ya safari, kwani ndege anayezuiliwa forodhani huenda asirudishiwe mwenyewe.